Leseni ya Mwalimu Springi

Afisa aliyekabidhiwa kazi ya kuwapa leseni wakufunzi wa bustanini hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu. Kabla ya kuhamishiwa idara ya michezo ya manispaa alikuwa akikagua mabucha, na macho yake yalibaki kuwa ya mkaguzi wa mabucha: yakitua juu ya kitu, kitu hicho kilianza kujishuku. Viatu vyake vya kisigino alivihifadhi chini ya meza kwa ajili ya vikao. Vya kutembelea ndivyo vilivyokuwa vimelika.

Sheria ndogo ilikuwa mpya kabisa. Yeyote anayefundisha mchezo au mazoezi katika bustani ya umma, hata kama wanafunzi wake ni shangazi zake tu, alitakiwa awe na leseni, aivae kifuani, na awe amefaulu mtihani wa huduma ya kwanza. Ilitungwa baada ya mwalimu mmoja wa kareti kumtegua mwanafunzi bega, kisha akajaribu kulirudisha mwenyewe kwa jinsi alivyoona kwenye video.

"Usiwasumbue," mkuu wake alimwambia, "lakini usiwachekee pia. Mtu akidondoka mle ndani, magazeti hayatamwandika mkufunzi. Yatatuandika sisi."

Basi akaenda. Alimkuta dada anayefundisha kuruka kamba, akamkuta bwana wa tenisi ambaye wavu wake ulikuwa chandarua kilichokatwa, akamkuta na kijana wa viatu vya magurudumu aliyemzunguka mara mbili akijibu maswali bila kusimama. Walinung'unika, wakachukua fomu. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Ndipo akafika kona ya mwisho wa bustani, chini ya tangi kuukuu la maji.

Pale palikuwa na darasa la wazee, wengi wao wanawake. Walikuwa wamejipanga mistari, mikono juu, nyuso zimeelekea kwenye tangi. Mbele yao hapakuwa na mtu.

Afisa akadhani mwalimu amekwenda kunywa maji. Akasimama kando, akasubiri. Mikono ikashuka yote kwa pamoja. Shingo zikageuka kushoto, zikatulia, zikarudi. Hakuna aliyehesabu. Hapakuwa na filimbi wala redio; kilichosikika ni viatu juu ya nyasi na pumzi za watu wenye umri wao. Mara wote wakaangua kicheko, kwa wakati mmoja, kama watu waliotaniwa. Kisha wakainama tena. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha goti lake lililokuwa limepinda, akasema kwa aibu, "Samahani, mwalimu."

Afisa akachungulia nyuma ya tangi; hapakuwa na mtu.

Walipomaliza walipiga makofi, wakaanza kuokota vitambaa vyao vya jasho kama watu wa kawaida. Afisa akamfuata mwanamke wa mstari wa mbele, mnene, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa mshona mapazia, na wenzake wote walimwita Bibi Pazia.

"Shikamoo, mama. Nani anawafundisha hapa?"

"Marahaba. Mwalimu Springi."

"Yuko wapi?"

Bibi Pazia akaelekeza kwa kidevu. "Pale."

"Pale hakuna mtu, mama."

"Najua, mwanangu. Tulimzika wakati wa mvua."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza duka lilipohamia. Kisha, kwa kuwa afisa alikuwa bado ametoa macho, akamketisha kwenye ukingo wa saruji wa tangi, akamsimulia. Mwalimu Springi alikuwa amefundisha michezo mashuleni mpaka akastaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwendo wake. Ungedhani ardhi inamrusha. Alipochoka kukaa bure alianzisha darasa la wazee wenzake, akawa anawaita "vijana wangu". Alifariki usingizini. Asubuhi baada ya maziko, bila mtu kumwambia mwenzake, wote walijikuta wapo kwenye kona. Walijipanga. Walisimama tu, hawajui la kufanya.

"Halafu akasema, 'Haya, vijana wangu, mikono juu.'"

"Mlimsikia wote?"

"Hatukuulizana. Tuliinua mikono."

Afisa akaamua kushika alichokijua, yaani sheria. Akaeleza kwamba kundi haliruhusiwi kufanya mazoezi bila mkufunzi mwenye leseni.

"Basi mpe leseni," alidakia yule mzee wa goti. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, na wino ulikuwa bado umemganda pembeni mwa kucha. "Amefundisha muda mrefu kuliko umri wa hiyo sheria yako."

"Na huduma ya kwanza atafanyaje?"

"Hapo ndipo pagumu," mpiga chapa alikubali, na wote wakacheka. Afisa naye akacheka, hadi alipoona kwamba wote, katikati ya kicheko, wametupa jicho pale mbele, kutazama kama mwalimu naye amecheka. Nyasi za pale zilikuwa zimelika, udongo umebaki mtupu, na hata vitambaa vyao vya jasho hawakuviweka karibu napo.

Aliwapa muda. Watafute mwalimu aliye hai, la sivyo darasa litafungwa.

"Atakayethubutu kusimama pale ni nani?" Bibi Pazia aliuliza. "Pana mtu."

Nyumbani alimweleza mumewe, fundi wa friji, aliyekuwa amekaa sakafuni na mota ya friji ya mteja mapajani. Mumewe alicheka kwa raha zake zote. "Kwa hiyo mtahiniwa wako kila kitu anacho, isipokuwa picha ya pasipoti!" Kisha akageuza bisibisi mkononi. "Hebu, ulisema walicheka wote pamoja?"

"Pamoja. Kama mtu kawasimulia kitu."

Mume akaiweka bisibisi chini, wala hakuishika tena jioni ile.

Afisa alitaka kujua kama marehemu aliwahi kuwa na msaidizi, mtu anayeweza kurithi darasa bila kuanza upya. Akamwendea mjane wake. Alikuwa akiishi ghorofani, mwisho wa ngazi nyembamba, katika nyumba iliyonukia sabuni na pasi ya moto. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyenyooka. Mezani palikuwa na rundo la suruali za mazoezi, zimepigwa pasi mpaka zimepata mstari.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa. Kaa."

Afisa akaeleza shida yake kwa tahadhari, akizunguka-zunguka. Hakutaka kumwambia mjane kwamba mumewe anasikika bustanini. Lakini mjane alimkata kauli.

"Najua. Wameniambia. Bado anafundisha." Akachukua suruali nyingine, akaitandaza chini ya pasi. "Kwangu hajaja hata mara moja. Mlango nimeuacha bila komeo. Redio yake naiwasha mchana kutwa. Nakaa, nasikiliza. Wapi! Kumbe yuko kule anawainua mikono wake za watu."

Afisa akatazama rundo la suruali.

"Tangu nimeolewa naye," mjane aliendelea, "asubuhi hazikuwa zangu. Chai anainywa amesimama. 'Narudi sasa hivi.' Hiyo sasa hivi yake ilikuwa mpaka jua la utosi. Watoto wetu wako mbali, wote wamemrithi miguu. Nikasema, akistaafu atakaa. Hakukaa. Nikasema, basi, kifo kitamkalisha."

Pasi ilifoka mvuke.

"Wewe hukuwahi kwenda kwenye darasa lake?"

"Hakuniambia njoo." Akakunja suruali. "Na mimi sikumwambia nataka. Kama ni msaidizi, mtafute yule mshona mapazia. Hatua zote anazo kichwani."

Bibi Pazia alipoombwa alikataa katakata. Siku za muda waliopewa zikaisha, na afisa akarudi kwenye kona akiwa na barua ya kulifunga darasa, iliyopigwa muhuri, ndani ya bahasha. Aliwakuta wameshaanza. Akaona haya kuwakatiza. Akasimama kando tena, akawatazama wakiinama na kuinuka kama nguo zilizoanikwa kamba moja.

Ndipo akamwona mpiga chapa akilegea. Alikuwa mstari wa nyuma. Mkono wake ulianza kutetemeka, uso ukapauka, ukalowa jasho. Akapiga magoti polepole, mtu angedhani anatafuta kitu majanini, kisha akalala ubavu.

Hakuna aliyegeuka.

"Jamani!" afisa alipiga kelele. "Mtu ameanguka!"

Waliinama. Wakainuka. Nyuso zao zilikuwa mbele, na midomo yao ilikuwa na tabasamu dogo la watu wanaosifiwa. Afisa alimshika bega mwanamke wa karibu, akamtikisa. Mwanamke aliinua mkono pamoja na bega lililoshikwa. Barua ikamdondoka. Akakimbia katikati ya mistari, akasukuma viwiko na makalio ya watu wazima, akafika mbele, akakanyaga ule udongo mtupu na kuwageukia.

Pale palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Na karibu kabisa na sikio lake la kulia, sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka wala hasira, ilikuwa inasema: "...na juu, vijana wangu. Na chini. Vizuri sana wote. Na juu."

Alitaka kukimbia, na miguu ikawa tayari inakubali. Lakini kutoka pale alimwona mpiga chapa waziwazi, amelala nyuma ya wenzake, kiatu kimoja kimemvuka. Mtu yeyote aliyesimama pale angemwona. Sauti ikasema tena, "Vizuri sana wote," na afisa akafahamu. Mwalimu hakuwa anaona. Alikuwa anafundisha darasa ambalo watu wake wote wamesimama.

"Acheni!" alipayuka, kwa sauti ambayo hata wenye mabucha hawakuwahi kuisikia. "Mwenzenu anakufa!"

Bibi Pazia akapepesa macho. Akageuka nyuma. Yowe lake ndilo lililowaamsha wengine.

Kilichofuata kilikuwa kazi tu, na kazi afisa aliijua. Aliwasukuma watu wapishe hewa. Aliuliza, "Ana kisukari?" na mpiga chapa mwenyewe, akiwa nusu macho, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaweza kumeza. Sukari ilikuwa imemshuka; mwanamke mmoja alikuwa na soda kwenye kikapu. Wakamnywesha kidogo kidogo, wakamsugua mikono, hata rangi ikaanza kumrudi. Alipoweza kuegemea tangi alitazama huku na huku, akasema, "Nimewaharibia mazoezi," na wanawake wakamtukana kwa furaha.

Bibi Pazia hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amekaa majanini peke yake, analia bila sauti, futi yake ameiviringisha mkononi.

"Enzi zake," alimwambia afisa, "mtu ukifunguka kamba ya kiatu alikuwa anakuona. Ukibana pumzi anakuona. Ukija umegombana na mumeo, anakuona, anakuweka mstari wa mbele akuchekeshe. Leo mtu kaanguka chini."

"Haoni tena, mama. Anasema tu."

"Anasema tu," Bibi Pazia akarudia, akapangusa pua. "Nipe hiyo fomu yako."

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto. Bibi Pazia alipiga magoti pamoja na bwana wa tenisi na kijana wa magurudumu, wakakandamiza vifua vya wanasesere wa mpira. Alipoambiwa ampulizie mwanasesere pumzi, alimtazama kwanza kuanzia juu mpaka kiunoni alikoishia. "Sijawahi kumbusu mtu asiye na miguu," alisema, kisha akafanya, na akafanya vizuri kuliko wote. Kilichobaki ni mtihani wa vitendo: kuliongoza darasa lake mwenyewe, palepale bustanini, mbele ya afisa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Alisimama mbele, hatua moja kando ya udongo ule. Hakuthubutu kuukanyaga. Akasema, "Mikono chini." Mikono yote ikainuka. Akasema kwa nguvu, "Chini, jamani!" Miili ikageuka kushoto. Hawakuwa wakaidi. Mpiga chapa alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba radhi, huku viungo vyake vinafuata kitu kingine. Na afisa, aliyekuwa anaandika, aliona mikono ya Bibi Pazia nayo inapanda taratibu, yeye mwenyewe akiitazama kama si yake.

"Unaona?" alisema kwa sauti ndogo. "Simshindi. Siwezi kumshinda mwalimu wangu."

Afisa hakuandika kitu. Kesho yake alipanda tena zile ngazi nyembamba. Safari hii hakuzunguka. Alimweleza mjane juu ya joto, juu ya sauti, juu ya mzee aliyeanguka na kusifiwa akiwa chini. Mjane alisikiliza ameshika mgongo wa kiti.

"Haoni?"

"Haoni, mama."

"Yule mtu," mjane alisema, na sauti yake ikapasuka kidogo, "alikuwa anaogopa kitu kimoja tu maishani. Mtu kuumia mikononi mwake." Akazima redio. "Wanaanza saa ngapi asubuhi?"

Alikuja amevaa kama anayekwenda kuwatembelea watu wa heshima, mkoba mkononi, viatu vimepakwa dawa. Darasa lilikuwa limeshaanza. Alipita katikati ya mistari bila kumgusa mtu, akafika mbele, akasimama ukingoni mwa udongo mtupu akitazama juu yake kidogo, pale ambapo uso wa mtu wa kimo fulani ungekuwa. Mikono ya watu wote ilikuwa juu, na ikabaki juu.

"Baba watoto," alisema. "Nimekuja."

Upepo haukuvuma wala ndege hakulia. Afisa alisubiri kitu, hakujua kitu gani.

"Hawa umewafundisha vya kutosha. Mmoja alianguka mbele ya macho yako, hukumwona. Ungekuwa hai ungekufa kwa aibu." Mtu mmoja nyuma alicheka kwa kwikwi, akajiziba mdomo. "Sijaja kugombana. Nimegombana na wewe peke yangu nyumbani mpaka nimechoka. Yule mama anazijua hatua zako zote. Mwachie. Twende nyumbani. Nimekuja kukuchukua mwenyewe, maana hiyo narudi sasa hivi yako naijua."

Akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Alingoja mpaka mkono ukaanza kumtetemeka kwa uchovu, na afisa akatamani kwenda kuushikilia. Kisha vidole vya mjane vikajikunja, polepole, mpaka vikafumba, lakini havikufumba kabisa. Akageuka. Akaondoka kwa mwendo mdogo, kama mtu anayetembea na mwingine asiyeweza kuharakishwa, akapita kando ya wavu wa chandarua, akatoka langoni.

Mikono ya darasa ikaanza kushuka. Haikushuka pamoja. Mmoja aliishusha kwa kishindo, mwingine akaisahau hewani, mwingine akaitumia kufuta machozi. Kwa mara ya kwanza afisa aliwaona kila mtu na mwili wake: huyu kibiongo, huyu nyonga mbovu, huyu anayejikuna. Wakawa wanatazamana kama abiria waliofikishwa kituo wasichokijua.

"Haya," Bibi Pazia alisema. Akakohoa. "Haya, nyie. Mikono juu. Wewe, mwenye sukari, umekula?"

"Nimekula," mpiga chapa akajibu.

"Umekula nini?"

Alifaulu. Leseni yake aliishonea kifuko chenye ushanga, akaivaa kifuani hata siku za kwenda sokoni. Lakini darasa halikuwa lile tena. Wapo walioacha. Mwanamke mmoja alimwambia afisa bila kuficha kwamba sasa yamekuwa mazoezi tu, na mazoezi anaweza kuyafanya nyumbani akifagia. Waliobaki walipiga kelele, walikosea upande, walibishana na mwalimu. Na Bibi Pazia alikiri kwamba zipo asubuhi anapogeuka kuwatazama akajisikia mpweke, kwa kuwa siku zote mwalimu ndiye aliyekuwa akimtazama yeye.

Afisa alimaliza bustani ile, akapewa nyingine. Kabla ya kuhama alipita kumjulia hali mjane, ingawa hakuna ofisi iliyomtuma. Alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa kidogo, kiasi cha uso kuonekana. Ndani kulikuwa kimya; redio haikusikika, wala harufu ya pasi.

"Nilitaka kujua tu unaendeleaje, mama."

"Naendelea, mwanangu. Ahsante."

Afisa alisita. "Na yeye... alifika?"

Mjane aligeuza kichwa, akatazama ndani ya nyumba kwa muda, mahali ambapo afisa asingeweza kupaona. Uso wake haukuonyesha furaha wala huzuni. Alionekana amechoka, kama mtu mwenye wa kumhudumia.

"Punguza sauti," alinong'ona.

Akauvuta mlango taratibu, akaushika mpaka mwisho ili usigonge. Afisa akashuka zile ngazi kwa ncha za vidole. Alikuwa ameshafika barabarani, katikati ya honi na watu, alipogundua kwamba bado ananyata.